Sauti ya Pampu Ikikauka

Friji ya zahanati ilirudi kwa mara ya tatu siku ya Jumanne, na safari hii ilirudi kwa mkokoteni. Mara mbili za kwanza Sista alikuwa amepiga simu tu, Fundi akaenda na mkoba wake, akaitengeneza palepale, akapewa maji ya kunywa, akarudi nyumbani. Simu ni jambo la watu wawili. Mkokoteni ni habari ya mtaa. Ulipita mbele ya duka la vifaa, ukapita mbele ya kinyozi na wale wanaoshinda kwenye benchi la kinyozi bila kunyolewa, na kila aliyeuliza friji inakwenda wapi alijibiwa na mvuta mkokoteni, "Kwa Fundi Sikio. Imegoma tena."

Jina la Sikio hakujipa mwenyewe. Walimpa mafundi wenzake, kwa sababu wakati wengine walipokuwa wakitazama saa zao, yeye alikaa kando ya pampu akiwa amefumba macho. Friji ikishafunguliwa na kuchomelewa, lazima ivutwe hewa yote iliyoingia ndani ya mabomba, na pamoja na hewa uvutwe unyevu wote, ndipo itiwe gesi mpya. Pampu inayovuta hulia kwa namna moja mabomba yakiwa na hewa, kwa namna nyingine yakiwa na unyevu, na kwa namna ya tatu yakiwa makavu. Fundi Sikio alizijua namna zote tatu. Angesema "bado," na ikawa bado. Angesema "imekauka," na hiyo friji ungeisahau miaka kumi.

Mke wake alikuwa barazani, mguu ukiwa kwenye cherehani, mkokoteni ulipoingia. Aliacha sare ya shule aliyokuwa akishona, akamletea Sista kiti.

"Sitakaa, mama," Sista alisema. "Nimeacha watu kwenye foleni."

Sista alikuwa na sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kuongea karibu na wagonjwa. Fundi alisimama mbele yake akifuta mikono kwa kitambaa, akiitikia kwa kichwa, lakini macho yalikuwa kwa mke wake.

"Dawa za sukari na chanjo nimezipeleka kule zahanati ya pili," Sista aliendelea. "Wamenipa nafasi mpaka Ijumaa."

"Kwa hiyo dawa ziko kwa watu mpaka Ijumaa tu," mke alirudia, kwa sauti ya kutosha nyumba mbili.

"Ijumaa saa sita mchana nakuja na mkokoteni huuhuu. Nikiikuta haijapona, ile karatasi ukutani kwangu naibandua."

"Ijumaa saa sita," mke akasema. "Au karatasi inabanduliwa."

Sista alimtazama, akadhani anamdhihaki. Karatasi yenyewe ilikuwa imebandikwa juu ya friji kwa miaka minane: Friji ikisumbua, mpigie Fundi Sikio. Kila mgonjwa aliyengoja sindano aliisoma, na nusu ya kazi za Fundi zilitoka kwenye karatasi ile. Sista aliondoka bila kuaga vizuri, na kiti kilibaki katikati ya uwanja, hakuna aliyekikalia.

Fundi alizunguka friji mara moja, akaipiga kofi jepesi ubavuni. "Hii nitaimaliza," alisema. Alisema hivyohivyo mara mbili zilizopita.

Binti yao wa pili alikuwa nyumbani wiki hiyo. Yeye alifanya kazi ya viyoyozi kwenye hoteli kubwa, na likizo yake ilikuwa na siku tano zilizobaki, ambazo alikuwa amepanga kuzilala zote. Lakini mtoto wa fundi akiona friji uwanjani hawezi kuipita. Jumatano asubuhi, kabla ya chai, alikuwa amechuchumaa nyuma yake.

"Baba, inapoza siku ngapi kabla ya kugoma?"

Fundi alikuwa ameinama akipanga funguo. Hakujibu. Binti akamgusa bega, akauliza tena.

"Siku tano," alisema. "Wakati mwingine sita. Ukiizima ikapumzika, inaanza tena kama haina kosa lolote. Sasa imezidi: jana niliiwasha, alfajiri hii imegoma."

Binti akafikiri. Friji inayopoza, ikagoma, ikapumzishwa, ikapona, ina maji ndani. Si mengi, hata kijiko hayajazi. Yanazunguka na gesi mpaka yanapofika mwisho wa ule mrija mwembamba ambako baridi inaanzia, na hapo yanaganda yakaziba njia. Ukiizima, barafu inayeyuka na njia inafunguka. Ili kuwa na uhakika, alichovya kitambaa kwenye maji ya moto ya chai, akakibana pale mrija unapoingia kwenye sehemu ya baridi. Wakakaa wote wawili wameinamisha vichwa, friji ikinguruma.

Baada ya dakika moja hivi, barafu iliachia. Gesi ikapita ndani kwa mluzi mrefu, mkali, ambao hata mama yake aliusikia akiwa jikoni. Binti akageuka kwa baba yake akitabasamu, kama zamani alipokuwa mdogo na wakisikiliza pamoja.

Baba alikuwa bado ameinama, sikio karibu liguse bati. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri.

"Bado?" akauliza.

Tabasamu likamtoka. Mluzi uliendelea kati yao, wazi kabisa, na baba yake aliendelea kuusubiri.

"Bado kidogo," binti akasema. Hakujua kwa nini amesema uongo. Ulimtoka tu.

Alimkuta mama yake akimenya viazi.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Baba hasikii."

"Anasikia anachotaka, kama wanaume wote." Mama hakuinua macho. Kisu kilikwenda kwa kasi zaidi kidogo kuliko inavyohitajika kwa kiazi.

"Mama."

Kisu kikasimama. "Mwaka na nusu," mama alisema. "Sikio la kushoto lilianza zamani. La kulia ni mwaka na nusu. Simu ya kazi ninayo mimi, umeshaona. Watu wakija, narudia wanachosema. Wanadhani nimekuwa kasuku wa uzeeni. Sijali."

"Na pampu? Anajuaje imekauka?"

Mama aliosha mikono, akaifuta kwenye kanga polepole, kidole kimoja kimoja. Kisha akaeleza, na alieleza kwa haya. Siku moja, mwaka jana, alikuwa amesimama mlangoni mume wake akiwa na pampu yake uwanjani. Mume akainua macho, akamtazama, asiulize kitu. Naye akasikia kwamba kelele imepungua. Akatikisa kichwa, ndiyo. Mume akafunga pampu. Hawakuzungumza. Mara ya pili ikawa hivyo tena, na ya tatu, mpaka ikawa ndiyo kazi ilivyo: yeye anashona barazani, pampu inalia uwanjani, mume anainua macho, yeye anatikisa kichwa.

"Kelele ikipungua," binti alisema.

"Ikipungua, ndiyo. Si ndiyo imekauka?"

Binti alitamani sana asiwe yeye wa kumjibu. "Mama, kelele inapungua hewa ikitoka. Hewa inatoka upesi, dakika kumi, kumi na tano. Maji yanabaki. Maji lazima yageuke mvuke kwanza humo ndani ndiyo yavutwe, na hayana haraka. Hiyo ni saa, saa mbili, tatu. Baba alikuwa anasikia tofauti hiyo. Ni ndogo sana. Hata mimi naibahatisha."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Hukusema. Nimesema mimi." Alikaa kwenye kigoda. Alianza kuhesabu kwa sauti ndogo, na binti alielewa anahesabu nini. Zahanati. Yule anayeuza maji ya baridi kituoni. Mwalimu. Duka la nyama. Mwanamke wa barafu, ambaye friji yake ilirudi, wakamwambia ni umeme. Alifika tisa, akasimama. Alikuwa mwanamke aliyejivunia kutomharibia mtu nguo hata moja kwa miaka ishirini na sita, na sasa alikuwa na friji tisa alizozikubali kwa kichwa chake.

Mchana huohuo binti alitoa kwenye begi lake kipimo kidogo chenye namba, akakiweka juu ya friji. Kipimo cha namna hiyo kinahesabu hewa na unyevu uliobaki ndani ya mabomba pampu ikivuta vakyumu, yaani utupu. Namba zikishuka chini ya mia tano, unafunga valvu ya njia ya pampu, unazima pampu, unasubiri. Zikitulia, kazi imekwisha. Zikipanda bila kusimama, kuna tundu. Zikipanda kisha zikasimama juu, kuna maji.

Fundi alikitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. "Hicho cha nini?"

"Cha kupimia vakyumu."

"Nimevuta vakyumu kabla hujazaliwa."

"Najua, baba."

"Basi kiweke mahali pake. Hoteli wana haja nacho."

"Ni changu, si cha hoteli."

Fundi alikuwa anafungua kinywa kujibu, mke wake alipotoka barazani. Hakusimama mlangoni kama siku zote. Alikuja mpaka mbele yake, karibu, pale ambapo angemwona mdomo.

"Baba watoto, nilikuwa naitikia tu," alisema. "Ile sauti siijui. Sijawahi kuijua."

Fundi alikuwa na mpira wa geji ya gesi mikononi. Aliuzungusha, akaunyoosha, akauzungusha tena. Binti alitazama chini. Kuna mambo ambayo mtoto, hata awe na miaka ishirini na saba na mshahara wake, hatakiwi kuyaona.

"Mbona ulikuwa unaitikia?" Fundi aliuliza mwishowe.

"Mbona ulikuwa unaniuliza?"

Fundi alikuwa amejua siku zote kwamba mke wake si fundi. Na mke alikuwa amejua siku zote kwamba anaulizwa kitu asichokijua. Kila mmoja alikuwa amemwonea mwenzake huruma, na huruma hiyo wakawauzia watu tisa. Fundi aliona aibu ya kweli. Akaingia ndani, akafunga mlango wa chumbani kwa utaratibu ili usigonge, ingawa ungegonga asingeusikia.

Alipotoka, jua lilikuwa limeanza kushuka, na alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea. Aliinama mbele ya kipimo. "Namba hizi ni ndogo mno," alisema. "Nani alizitengeneza, sisimizi?" Binti akacheka kuliko mzaha ulivyostahili. Wakaitoa gesi ya zamani, wakakata, wakaweka chujio jipya, wakachomelea. Mkono wa Fundi kwenye moto haukuwa na kasoro yoyote. Kuchomelea hakutaki masikio.

Alhamisi pampu iliwashwa saa mbili asubuhi, na saa nne umeme ukakatika. Ulirudi magharibi. Katika hiyo siku nzima walifanya jambo moja la maana: binti alifungua pampu, akamwaga oili yake kwenye kopo. Ilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Oili safi unaona hadi chini ya kopo. Hii ilikuwa imejaa unyevu wa friji zote zilizopita, na pampu yenye oili hiyo haiwezi kukausha kitu.

Fundi alilishika kopo muda mrefu. "Zamani nilikuwa naibadilisha kila kazi," alisema. "Ikichafuka, sauti inakuwa nzito. Nilikuwa nasubiri iwe nzito."

Akaimwaga ile chafu, akatia oili safi kwenye pampu.

Ijumaa walianza alfajiri. Walisukuma friji mpaka kwenye jua ili mabomba yapate joto na maji yatoke upesi, na mama alipiga taulo pasi, moja baada ya nyingine, akazifunga kwenye mabomba zikiwa bado za moto. Sare za shule zilisubiri. Saa tano na nusu namba zilikuwa mia nne themanini. Binti alifunga valvu, Fundi akazima pampu. Wakasubiri wote watatu. Namba zikaanza kupanda: mia saba, mia tisa, elfu moja na mia mbili. Kwenye elfu moja na mia tatu zikasimama.

"Maji," alisema Fundi.

"Kidogo tu," alisema binti.

"Maji ni maji." Akawasha tena.

Saa sita kamili mkokoteni uliingia, Sista akiwa nyuma yake. Benchi la kinyozi lilikuwa limehamia karibu na uzio, maana Ijumaa haikuwa na mengi. Kiti kilikuwa palepale uwanjani.

"Iko tayari?" Sista aliuliza.

Pampu ilikuwa inalia kwa utulivu. Kwa mtu yeyote aliyesimama pale, ilikuwa sauti ya kazi iliyokwisha. Fundi alijua jambo moja ambalo Sista hakulijua: angeweza kufunga sasa hivi, akatia gesi, na friji ingepoza vizuri sana. Ingepoza siku tano. Sista angeondoka akitabasamu, karatasi ingebaki ukutani, na Jumatano barafu ingeziba njia juu ya dawa za wagonjwa wa sukari. Labda angesema ni umeme.

Mazoea ni mazoea. Aliinua macho, akamtazama mke wake mlangoni.

Mke hakutikisa kichwa. Machozi yalimlenga, lakini shingo yake haikusogea hata kidogo. Alinyoosha kidole kuelekea kwenye kipimo.

Fundi akavaa miwani, akasoma. Kisha akageuka.

"Haijawa tayari, Sista," alisema, na kwa kuwa hakujua tena sauti yake ina ukubwa gani, benchi zima lilisikia. "Mimi sisikii. Jumanne uliponiambia habari za karatasi, sikukusikia, mke wangu ndiye alinirudishia. Hii pampu nayo siisikii. Mara mbili nimekupa friji yenye maji kwa sababu nilikuwa nabahatisha na kuona haya kusema. Kosa ni langu. Leo kuna kipimo, na kipimo kinasema bado."

Sista alifanya jambo ambalo hakulifanya Jumanne: alisogea mbele ya Fundi, akamkabili uso kwa uso.

"Umetazamwa hayo masikio? Isije ikawa ni nta."

"Nta ilishatolewa, Sista. Ni miaka thelathini ya kukaa kichwa ndani ya makompresa ya friji."

"Njoo Jumatatu nikutazame hata hivyo." Akafikiri. "Itakauka saa ngapi?"

"Sijui. Kikisema, nitakwambia."

"Na karatasi yangu?"

"Hiyo ni yako."

"Tutaona baada ya wiki mbili," alisema Sista. "Kama bado inapoza." Akamwambia mvuta mkokoteni akatafute kivuli, akaipigia zahanati ya pili kuomba aongezewe saa chache. Kisha akakivuta kile kiti, akakaa.

Saa nane na robo namba zilikuwa mia tatu kumi. Walifunga, wakazima, wakasubiri nusu saa nzima. Namba zilipanda mpaka mia tatu hamsini, zikatulia hapo, zikabaki hapo. Binti aliachia pumzi. Alisema wanaweza kutia gesi sasa.

"Subiri," alisema Fundi. "Washa pampu kwanza. Dakika moja tu."

"Ya nini, baba? Imeshakauka."

"Ndiyo maana."

Binti akawasha, akafungua valvu. Fundi akamwita mke wake kwa mkono, akamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, pale alipokuwa akikaa yeye miaka yote.

"Nieleze inavyolia," alisema.

Mke akainama. Mwanzoni aliona haya, mbele ya Sista na wale watu. Kisha akafumba macho. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kusikiliza kitu chochote cha mume wake, na alipoinua uso alihakikisha anamwona mdomo.

"Kama cherehani," alisema, "nikiikanyaga haina kitambaa."

Fundi alitikisa kichwa, ndiyo.

"Ni hiyohiyo," alisema. "Ishike. Jumatatu tunaanza na yule wa maji ya baridi."